Kununua na Kuuza Nyumba Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Urithi, Hati na Mikataba

Anayenunua nyumba Tanga mara nyingi ananunua kwa familia. Babu alijenga Ngamiani, wanawe wakakulia humo, vyumba vya uani vikapangishwa, na leo wajukuu wanataka kugawana fedha. Kwa hiyo swali la kwanza ni la watu, halafu ndiyo karatasi: nani hasa ana mamlaka ya kuuza? Tumeanza na hilo na tumelipa nafasi kubwa, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakopotezea akiba ya maisha yao. Majibu yanahusu sheria za Tanzania Bara. Kama jambo lako tayari lina mgogoro, beba karatasi zako zote umwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria kabla hujatia saini chochote.

Baba yetu amefariki. Kaka mkubwa anasema yeye ndiye mkubwa wa nyumba na ameshapata mteja. Anaweza kuuza?

Hapana. Ukubwa wa umri haumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Hata mama yenu mjane hana mamlaka hayo peke yake, hata kama ameishi humo miaka 40. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au msimamizi aliyetajwa katika wosia na kuthibitishwa na mahakama.

Njia ya kawaida huanza na kikao cha familia au ukoo. Mnampendekeza mtu, mnaandika muhtasari, wahudhuriaji wanatia saini. Muhtasari huo, pamoja na cheti cha kifo, unapelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, ikiwa mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu au mila. Kwa mirathi isiyofuata sheria hizo mbili, kama ilivyo kwa Wakristo wengi, shauri hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi lisipokuwepo, msimamizi hupewa barua ya usimamizi, ambayo Mahakama ya Mwanzo huitoa kwa Fomu Na. 4. Baada ya hapo ana miezi minne ya kuorodhesha mali za marehemu kwa Fomu Na. 5, kisha hurejesha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6.

Mnunuzi, omba kuona Fomu Na. 4 halisi, kisha nenda mwenyewe kwenye mahakama iliyoitoa uulize mambo matatu: je, shauri hilo lipo? Msimamizi bado ni yuleyule au uteuzi umetenguliwa? Je, mirathi imeshafungwa? Msimamizi aliyekwisha kugawa mali na kufunga mirathi hana tena cha kuuza kwa cheo hicho. Nyumba imeshakuwa ya warithi waliopewa, na wao ndio wanaotakiwa kuiuza.

Nyumba ikiwa na hati miliki, kuna hatua moja zaidi ambayo watu huiruka. Jina la msimamizi linapaswa kusajiliwa kwanza kwa Msajili wa Hati, ndipo uhamisho wa kwenda kwako ufanyike. Huwezi kupokea hati kutoka kwa marehemu moja kwa moja.

Msimamizi yupo kihalali. Je, warithi wote ni lazima watie saini?

Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Hata hivyo tunawashauri wanunuzi wazitafute saini zote, na tunalisema hili kwa msisitizo. Mrithi ambaye hakushirikishwa ana mlango wa kwenda mahakamani kudai kwamba msimamizi alitumia vibaya madaraka yake, na katika kesi hiyo wewe mnunuzi utaunganishwa. Huenda ukashinda, lakini miaka itakuwa imekwenda na nyumba hujaifaidi.

Kwa hiyo mkataba usomwe mbele ya warithi, kila mmoja aandike jina na kutia saini kwamba anajua mauzo na bei. Waulizie walio mbali: dada aliyeolewa Pemba, kaka aliye Muscat, mtoto wa nje ambaye watu wanamtaja kwa kunong'ona. Watoto walio chini ya miaka 18 wana fungu lao na hawawezi kulisamehe, kwa hiyo uliza fungu hilo litawekwa wapi. Katika mirathi ya Kiislamu mjane ana thumuni, yaani moja ya nane, marehemu anapoacha watoto, na binti ana nusu ya fungu la mwanamume. Dada akiambiwa kwamba nyumba ya baba haimhusu, anadhulumiwa kinyume cha sheria ya dini na ya nchi kwa pamoja.

Na jambo la ubinadamu kabla ya sheria: mjane akiwa bado ndani ya eda, msiende kupima vyumba.

Jirani ananiambia nyumba ninayoitaka ni ya wakfu. Ina maana gani?

Ina maana usiinunue. Mali iliyowekwa wakfu imetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ama kwa msikiti, madrasa au kizazi cha mtoaji, na haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Mutawalii anaisimamia tu. Tatizo ni kwamba wakfu wa zamani mwingine ulisemwa kwa mdomo mbele ya mashahidi ambao sasa wamekwenda mbele ya haki, na daftari la hati huenda halina alama yoyote. Ndiyo maana kuwauliza wazee wa mtaa na imamu wa msikiti wa karibu ni sehemu ya upekuzi, hasa kwa nyumba za zamani za Ngamiani.

Hati ina jina la mume peke yake. Mkewe anahitajika?

Ndiyo, ikiwa ni nyumba ya ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwenzi kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Chukua ridhaa hiyo kwa maandishi, isainiwe mbele ya wakili na iwe na picha ya mwenzi. Akiwa na wake wawili, uliza ni yupi anaishi katika nyumba hii, na ukiweza chukua ridhaa ya wote. Anayesema hajaoa au amekwisha kuacha, ale kiapo cha maandishi na aonyeshe talaka. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, lakini usikitegemee peke yake: nenda ukaulize majirani nani anaamka humo asubuhi.

Nitajuaje kwamba hati ni ya kweli na haina deni?

Kwa kufanya upekuzi rasmi. Unajaza maombi, unalipia, na ofisi ya Msajili wa Hati inakupa taarifa ya maandishi: mmiliki ni nani, muda wa umiliki umebaki kiasi gani, kuna rehani ya benki, zuio au amri ya mahakama. Tangu mwaka 2020 huduma za ardhi zimesogezwa mikoani, kwa hiyo huna haja ya kufunga safari kutoka Tanga. Usitosheke na kivuli cha hati wala na upekuzi ulioletwa na dalali. Kama fedha utazilipa wiki nyingi baada ya upekuzi, rudia upekuzi siku ya malipo inapokaribia. Rehani inaweza kuandikishwa katikati.

Halafu kuna upekuzi wa miguu. Mchukue mpima ardhi mwende kwenye kiwanja mkatafute bikoni, yaani alama za mipaka, mlinganishe na ramani ya upimaji. Tumeona uzio umejengwa mita kadhaa ndani ya kiwanja cha jirani, na hati iko safi kabisa. Uliza pia pango la ardhi limelipwa hadi mwaka gani wa fedha, kwa sababu malimbikizo yanabaki na kiwanja na wewe ndiye utakayedaiwa. Kisha pita Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uulize kama kuna shauri linalohusu kiwanja hicho.

Risiti za kodi ya majengo hazithibitishi umiliki. Kodi hiyo siku hizi inakatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hukatwa kwa yeyote anayenunua umeme. Jina kwenye mita ya umeme au maji halimfanyi mtu kuwa mwenye nyumba.

Muuzaji hana hati. Ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Ninunue?

Watu wengi wa Tanga wananunua hivyo, na hatuwezi kuwaambia waache wakati ndiyo ardhi wanayoimudu. Sheria inatambua haki za watu waliokalia ardhi isiyopimwa. Ila elewa unachonunua: unanunua haki za muuzaji kama zilivyo, pamoja na udhaifu wake wote. Kama yeye naye aliuziwa na asiyehusika, huna kitu.

Fuata mnyororo nyuma: nani alimuuzia yeye, na huyo alipata kwa nani? Karatasi ya kila hatua ionekane. Majirani wa pande zote nne waitwe wakati wa kupima, wasaini kama mashahidi wa mipaka. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, lakini ushahidi wake ni wa kumtambua muuzaji na eneo. Hatoi miliki. Kisha ofisi ya mipango miji ikwambie eneo hilo limepangiwa nini. Mtu anaweza kukuuzia kihalali kabisa kipande ambacho mchoro wa mji unasema ni shule au barabara, na siku ya urasimishaji hutapata hati.

Mwenye barua ya toleo, ambayo watu huiita ofa, yuko hatua moja mbele. Hata hivyo ofa yenye masharti ambayo hayakutimizwa, au ambayo ada zake hazikulipwa, inaweza kuwa imekufa. Ipeleke ofisi ya ardhi ya Jiji walinganishe na faili.

Kuna viwanja vya bei rahisi vinakatwa kwenye shamba la zamani la mkonge. Vipi hivyo?

Tuulizwe hili mara mia, jibu ni lilelile: kwanza jua hati ya shamba hilo ni ya nani leo. Mkoa wa Tanga umejaa mashamba ya mkonge yaliyokaa pori miaka mingi, watu wakaingia wakalima, na sasa wanauza kwa kupima hatua za miguu. Pori halifuti hati. Miliki inakoma inapobatilishwa kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, na uamuzi huo ni wa Rais. Hata baada ya kubatilishwa, ardhi inarudi serikalini ipangwe upya. Aliyekuwa analima hapo hawi mmiliki kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo "shamba limefutwa" ni maneno ya mdomoni mpaka uone taarifa ya maandishi kutoka ofisi ya ardhi, na mpaka uone jina la anayekuuzia kwenye orodha ya waliogawiwa. Familia zinazobomolewa katika maeneo haya si wavamizi kwa nia. Ni walimu, bodaboda na mama lishe waliokusanya fedha kidogo kidogo na kuamini neno la mtu.

Nataka kiwanja kinachotazama bahari, Sahare au Mwambani. Kuna sheria maalumu?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Pima mita hizo kabla hujapanga bei. Hali kadhalika barabara kuu na za mikoa zina hifadhi yake, mita 30 kila upande kutoka katikati kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani, swali lako limejibiwa. Kwa Chongoleani na maeneo ya jirani, linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, uliza kama kipande hicho kimeshathaminiwa au kulipwa fidia.

Naweza kutoa kishika uchumba ili asimuuzie mwingine?

Unaweza, lakini kwa maandishi, na kiasi kidogo. Mkataba wa kuuza ardhi usio wa maandishi hautekelezeki mahakamani. Andika kiasi, tarehe, kitambulisho cha muuzaji, namba ya kiwanja na kitalu, na sentensi inayosema fedha itarudishwa ikiwa upekuzi utaonyesha kasoro. Bila sentensi hiyo utaambiwa arubuni, yaani kishika uchumba hicho, hairudi.

Fedha yote pitisha benki. Na bei iliyoandikwa iwe bei ya kweli. Wapo watakaokushawishi muandike milioni 20 badala ya 60 ili kodi ipungue. Serikali inathamini nyumba yenyewe, kwa hiyo hamtaokoa mnachodhani, na siku mauzo yakivunjika utamdai muuzaji milioni 20.

Nani analipa kodi gani?

Muuzaji analipa kodi ya ongezeko la mtaji: kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua na kuendeleza. Asiye na kumbukumbu za gharama hizo, tangu mwaka wa fedha 2023/24 hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Nyumba ya kuishi ambayo mtu ameimiliki miaka 3 mfululizo na kuishi humo jumla ya miaka 3 husamehewa, mradi faida haizidi shilingi milioni 15. Bila cheti cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhusu kodi hii, Msajili hatapokea uhamisho, kwa hiyo ni tatizo lako pia mnunuzi. Bakiza sehemu ya bei mpaka cheti kitoke.

Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, asilimia 1, ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe pamoja na adhabu. Ada za uthamini, kibali na usajili mnapatana, ila desturi ni mnunuzi.

Baada ya kulipa, nyumba inakuwa yangu lini?

Siku jina lako linaposajiliwa. Kabla ya hapo una mkataba. Wakili atakujazia Fomu Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya maombi ya kibali na Na. 35 ya uhamisho wenyewe, zikiwa na picha na vitambulisho vya pande zote. Hakikisha wakili ana leseni hai ya mwaka huo. Orodha iko kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Na usimtumie wakili wa muuzaji. Mtafute wako.

Hati inasema "bin", kitambulisho cha NIDA kina majina matatu bila "bin". Itakataliwa?

Inaweza kukwamisha. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Muuzaji alishughulikie hili akiwa hai na mkiwa bado mnaelewana.

Binamu yangu ni Mkenya, yuko Vanga. Tunaweza kununua pamoja?

Undugu wetu haujawahi kusimama mpakani Horohoro, lakini sheria ya ardhi inasimama hapo. Asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki liliacha mambo ya ardhi kwa sheria za kila nchi. Mkimwandikisha ndugu raia huku fedha ni za mwingine, sheria inamtambua mwenye jina. Akifariki, nyumba inaingia mirathi yake.

Ninanunua shamba Muheza au Pangani, nje ya mji. Ni sawa na mjini?

Si sawa. Huko sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji haitoshi. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoridhia, kwa kikao chenye muhtasari, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila ridhaa hiyo hayana nguvu. Omba nakala ya muhtasari wenye mhuri. Usikubali barua iliyoandikwa baada ya malipo.

Mwenyekiti anadai asilimia 10 ya bei ili ashuhudie. Ni lazima?

Mwombe akuonyeshe sheria ndogo inayomruhusu na risiti ya serikali atakayokupa. Vikikosekana hivyo, huna deni. Wakili anaweza kushuhudia mkataba wako.

Nimenunua nyumba ina wapangaji vyumba sita. Naweza kuwatoa wiki hii?

Hapana. Unaingia kwenye viatu vya mwenye nyumba wa zamani, na kodi waliyokwisha kulipa inaendelea kuwalinda. Kabla ya kununua ongea na kila mpangaji, andika amelipa hadi lini, na kiasi kilichobaki mbele mkikate kwenye bei.

Nyumba inauzwa kwa mnada wa benki. Ni salama?

Sheria inamlinda mnunuzi wa nia njema, lakini utaratibu uwe umefuatwa: mkopaji awe amepewa notisi ya siku 60, na mnada uwe umetangazwa siku 14. Uliza pia kama kuna zuio la mahakama, na kama mwenzi aliridhia rehani. Ujue pia kwamba huenda utamkuta mwenye nyumba na watoto wake ndani.

Mgogoro ukitokea tuanzie wapi?

Baraza la Kata, kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu. Likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, nacho ndicho kinachokufungulia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda huko bila cheti. Rufaa huenda Mahakama Kuu. Usikae kimya: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Nilinunua miaka 9 iliyopita, nikakaa, sikuhamisha hati. Muuzaji sasa ni mgonjwa. Nifanye nini?

Nenda wiki hii, na umwendee kwa upole. Mchukue wakili na picha zako, asaini fomu za uhamisho akiwa na akili timamu, na mashahidi wawe watu wa kwake na wa kwako. Ushuru wa stempu utalipa pamoja na adhabu ya kuchelewa. Kama hawezi kusaini, andikisha zuio kwa Msajili wa Hati ili hati isihamishwe kwenda kwingine, ukionyesha mkataba wako na uthibitisho wa malipo. Akitangulia mbele ya haki kabla hujafika, utasubiri msimamizi ateuliwe, kisha yeye ndiye atakayekamilisha uhamisho. Mjulishe mapema kuhusu mkataba wako ili kiwanja hicho kisigawiwe kwa warithi.